Marimba za Mengo na Piano ya Hamburg

Désordre, la kwanza katika mfululizo wa mazoezi ya piano ya György Ligeti, halifiki hata dakika tatu. Mkono wa kulia unapiga funguo nyeupe tupu, wa kushoto nyeusi tupu. Mikono yote miwili inaanza pamoja, kwa kasi moja, noti fupi zikifuatana bila kupumua, na ndani ya mbio hizo mkazo unaangukia kwa zamu: fungu la noti tatu, fungu la tano, tena tatu, tena tano. Mpaka hapo mikono inaelewana. Kikifika kipimo cha nne, mkono wa kulia unapunguziwa noti moja. Wa kushoto haupunguziwi. Basi mkono wa kulia unatangulia kidogo. Baada ya vipimo vingine vinne unatangulia tena. Noti zenyewe bado zinagongwa kwa wakati mmoja, pigo kwa pigo, ila mikazo imeachana, na sikio linakataa kuamini kwamba aliyeketi pale mbele ni mtu mmoja anayefuata hesabu moja. Linasikia watu wawili, kila mmoja na mwendo wake.

Zoezi hilo lilitoka mwaka 1985 pamoja na mengine matano. Mwaka uliofuata mazoezi hayo yalimpatia Ligeti tuzo ya Grawemeyer huko Marekani, naye akaendelea kuongeza mpaka yakafika 18 mwaka 2001. Leo wanafunzi wa piano wa daraja la juu, Seoul, Paris na kwingineko, wanayatolea jasho. Ni kati ya kazi chache za muziki wa klasiki wa nusu ya pili ya karne ya 20 ambazo wapigaji wanazipenda na wasikilizaji wa kawaida hawazikimbii. Nataka kueleza yalikotoka, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu iko Afrika, na tawi moja la jibu hilo liko Kampala, mji ambao msomaji wa Kisumu au Bukoba anaufikia kwa basi.

Ligeti alizaliwa mwaka 1923 katika mji mdogo wa Transylvania, nchini Romania, kwenye familia ya Kiyahudi iliyosema Kihungari. Alianza kujifunza piano akiwa na miaka 14, umri ambao kwa mpigaji wa kumbi kubwa ni jua la alasiri, na maisha yake yote vidole vyake havikuweza kupiga kile ambacho kichwa chake kilikisikia. Vita vilimnyang'anya baba yake na mdogo wake Gábor, waliokufa katika kambi za Wanazi. Mama yake alirudi hai kutoka Auschwitz. Desemba 1956, baada ya vifaru vya Kisovieti kuzima uasi wa Budapest, Ligeti alitorokea Vienna. Miaka mitano baadaye okestra moja ilipiga kazi yake Atmosphères mjini Donaueschingen, muziki usio na wimbo wala pigo, sauti nyingi mno zilizobanana zikigeuka rangi polepole, na jina lake likatoka. Mamilioni waliusikia muziki huo bila kumjua mwenyewe, kwa kuwa Stanley Kubrick aliutia katika filamu yake ya 1968, 2001: A Space Odyssey.

Kisha akakwama. Opera yake Le Grand Macabre ilionyeshwa Stockholm mwaka 1978, na kwa miaka minne iliyofuata hakutoa takriban chochote. Alikuwa mgonjwa, lakini pia alikuwa hana njia. Mbele yake kulikuwa na wanamapinduzi wa muziki waliokuwa wamegeuza mapinduzi yao kuwa sheria. Nyuma yake kulikuwa na wale waliotaka kurudi kwenye nyimbo tamu za karne ya 19. Kote kuwili hakukumfaa.

Mwaka 1982 mwanafunzi wake mmoja wa Hamburg, mji alikokuwa akifundisha, Roberto Sierra, mtunzi kutoka Puerto Rico, alimpa santuri ya kusikiliza. Ilikuwa na muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na Simha Arom.

Huyu Arom anastahili kusimama kidogo mbele yetu. Alizaliwa Düsseldorf mwaka 1930, Myahudi naye, akanusurika kama Ligeti alivyonusurika, akawa mpiga honi wa okestra huko Israel. Mwaka 1963 alipelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati kuunda bendi ya matarumbeta. Alipofika akakuta watu wa nchi hiyo wana ala zao za kupuliza na wanazitumia kwa namna ambayo hakuna chuo cha Ulaya kilichomfundisha. Katika kundi la pembe la Wabanda-Linda, ambalo huweza kufika wapulizaji 18, kila pembe ina noti moja tu. Mpulizaji hana wimbo. Ana noti yake, na ana mahali pake pa kuitia. Mmoja anaingia mwenzake anapotoka, wa tatu anajaza ufa uliobaki, na wote kwa pamoja wanatoa mfumo mkubwa unaozunguka bila mwanzo unaoonekana. Ukimwomba mmoja wao apige sehemu yake peke yake, anakupa noti moja inayorudiarudia kwa nafasi zisizolingana. Ukiwasikiliza wote, huwezi kusema nani anafanya nini.

Arom alitaka kujua nani anafanya nini. Mbinu aliyoitumia ilikuwa rahisi na ya busara. Kwanza alirekodi kundi zima. Kisha akamvika mpigaji mmoja vipokea sauti masikioni, akamrudishia ile rekodi, akamwambia apige sehemu yake huku akiisikiliza, na sauti hiyo akaitia kwenye mkanda wa pili. Halafu wa pili yake, akimsikiliza wa kwanza. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wapigaji wenyewe ndio waliomhakikishia kwamba kilichopatikana ni sahihi. Walisikiliza wakakubali au wakakataa. Kutokana na kazi hiyo Arom aliandika kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa sauti na midundo mingi ya Afrika ya Kati, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka huohuo wa 1985. Kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1991, aliyekiandikia dibaji alikuwa Ligeti.

Alichokipata Ligeti katika santuri ile kilikuwa mfumo, wala si wimbo wa kuchukua. Muziki wa Ulaya kwa karne nyingi ulipanga wakati kwa kuugawanya: chukua kipimo, kikate mara mbili au tatu, kila kipande kikate tena. Kuna pigo kubwa la juu na mengine yapo chini yake. Wabanda-Linda wanahesabu kutoka chini. Kuna pigo dogo kabisa, la haraka, ambalo halipigwi na mtu yeyote bali limo vichwani mwa wote, na juu ya pigo hilo kila mmoja anajenga fungu lake: la tatu, la tano, la nane. Mafungu hayalazimiki kukutana ila mwisho wa mzunguko. Hii ndiyo hesabu ya Désordre. Ligeti aliongeza ukorofi mmoja ambao kundi la pembe halina: alivunja mzunguko, akaiba ile noti ya kipimo cha nne, ili waliopotezana wasikutane mapema.

Husemwa kwa wepesi kwamba Ligeti aliichota Afrika kisha akarudi Ulaya kuuza maji. Sikubaliani. Mwaka 1968, miaka 14 kabla hajaisikia santuri ya Arom, alikuwa ameandika Continuum, kazi ya dakika zisizofika nne kwa ajili ya hapsikodi. Ndani yake mikono miwili inarudia noti chache kwa kasi kubwa mno hadi noti zinaungana, na kutoka kwenye muungano huo zinazuka nyimbo za polepole ambazo vidole havikuzipiga. Alikuwa tayari anautafuta mlango. Alipousikia muziki wa Afrika alikuta upo wazi, na watu wamekwisha kaa ndani miaka mingi.

Na hapa ndipo Kampala inapoingia. Mwaka 1959 kijana wa Vienna, Gerhard Kubik, alifika Uganda akakaa chini ya Evaristo Muyinda kujifunza amadinda. Muyinda alikuwa mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo, na pia alifanya kazi katika Makumbusho ya Uganda, akiwapigia na kuwafundisha waliofika. Alimfundisha Kubik kama anavyofundishwa mtoto wa Kiganda: kaa hapa, shika fimbo, sikiliza, piga.

Amadinda ni marimba ya vibao 12 vizito vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, vikitenganishwa na vijiti vilivyochomekwa. Wapigaji ni watatu. Omunazi anaketi upande mmoja na kuanza: noti zinazofuatana kwa mwendo sawasawa, hazina mkazo, hazionyeshi wapi ni mwanzo. Omwawuzi anaketi ng'ambo ya pili, uso kwa uso naye, na kuingiza noti zake katikati hasa ya noti za mwenzake. Haegemei pigo la omunazi. Kwake yeye pigo lake mwenyewe ndilo la kukanyagia, na la mwenzake ndilo linaloangukia katikati. Kila mmoja anapiga kwa fimbo mbili, sauti ya chini na mwenzi wake wa juu. Mikono minne ikikaza, noti zinatoka kwa kasi ambayo mpigaji mmoja asingeimudu. Wa tatu, omukoonezi, yuko kwenye ncha nyembamba na vibao vyake viwili tu. Kazi yake ni kusikiliza zile noti mbili za chini kuliko zote zinavyojitokeza katika mchanganyiko, na kuzitoa tena juu kabisa, ili mchoro uliofichika chini uonekane.

Jambo lililomshangaza Kubik ni kwamba alipokuwa akipiga sehemu yake alisikia nyimbo ambazo yeye hakuzipiga, Muyinda hakuzipiga, wala mtu wa tatu. Zilikuwa zinatoka wapi? Sehemu za omunazi na omwawuzi zinarukaruka juu na chini. Zikiunganishwa kwa kasi, sikio haliwezi kuzifuata kuruka zote. Linaziokota zile za juu likazifanya wimbo mmoja, na zile za chini likazifanya wimbo mwingine. Mwaka 1962 Kubik alichapisha makala kuhusu jambo hilo katika muziki wa Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa wapigaji wa Mengo hiyo haikuwa habari. Wimbo kama Ssematimba ne Kikwabanga umesukwa hivyo kwa makusudi: maneno ya mwimbaji yanasikika ndani ya vibao, yakitokea kwenye noti za watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliye na wimbo huo mkononi. Ligeti alipokuja kuandika kuhusu vyanzo vya muziki wake wa miaka ya 1980, alimtaja Kubik pamoja na Arom.

Lakini Kubik hakuwa wa kwanza kuyaweka hayo kwenye karatasi. Mwaka 1955 Mganda, Joseph Kyagambiddwa, alichapisha New York kitabu kuhusu muziki wa kwao, African Music from the Source of the Nile, ambamo aliandika nyimbo za amadinda kwa maandishi aliyoyatafuta mwenyewe. Kyagambiddwa alikuwa mtunzi pia. Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu mjini Roma mwezi Oktoba 1964, oratorio yake kuhusu mashahidi hao, iliyojengwa juu ya uimbaji wa Kiganda, iliimbwa hukohuko. Ninapoona orodha za watunzi wa klasiki wa karne iliyopita, zenye majina ya Wapolandi, Wajapani na Wafini kwa haki yao, hulitafuta jina lake. Mara nyingi halipo. Halipo hata katika mazungumzo ya wanakwaya wetu wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao wangeweza kuiimba kazi yake kwa urahisi kuliko kwaya yoyote ya Roma.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliishambulia Lubiri, ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia uhamishoni na kufia London mwaka 1969. Wapigaji wa ikulu walitawanyika, na ala zilizokuwa zimekaa pale vizazi kwa vizazi ziliharibiwa. Mwaka 1967 falme zikafutwa kisheria, zikaja kurudishwa mwaka 1993. Katika pengo hilo la zaidi ya robo karne amadinda iliishi kwa watu wachache: Muyinda, Albert Ssempeke na wengine, waliofundisha yeyote aliyetaka kufundishwa, wageni kwa wenyeji. Kwa hiyo wakati Ligeti anaandika Désordre, ule muziki ambao mantiki yake ilikuwa imeshafika katika vitabu vya Ulaya ulikuwa hauna nyumba katika nchi yake wenyewe. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole.

Mganda mwingine alikuwa akitunga wakati huohuo. Justinian Tamusuza alizaliwa mwaka 1951, akakulia ndani ya muziki wa Kiganda na wa kanisa Katoliki, akasomea utunzi Belfast chini ya Kevin Volans, Mwafrika Kusini aliyekuwa amepita mikononi mwa mtunzi Stockhausen kule Cologne. Baadaye alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na akafundisha Makerere. Kazi yake inayojulikana zaidi ni Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba, kwa ajili ya fidla mbili, viola na chelo. Kundi la Kronos la San Francisco lilirekodi sehemu yake ya kwanza, Ekitundu Ekisooka, katika albamu Pieces of Africa ya mwaka 1992, ambamo Tamusuza yuko pamoja na Hamza El Din wa Nubia, Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Volans mwenyewe na wengine.

Sikiliza kipande hicho mara baada ya Désordre. Ligeti anatumia mantiki ya kupishana ili kumpoteza msikilizaji. Anataka ile hofu ya mtu anayeona ardhi inateleza chini ya miguu yake. Tamusuza anaitumia kujenga mahali pa kusimama. Vifungu vyake ni vifupi, vya noti tano za Kiganda, kila ala inashika chake na kukipitisha katikati ya cha mwenzake, na unasikia jinsi kila mmoja anavyomtegemea mwenziwe asianguke. Nyuzi za Ulaya zinabadilisha sauti na kufanana na ndingidi, fidla ya Kiganda yenye uzi mmoja, na ngoma. Ni muziki wa furaha wenye jina la mateso, na nadhani hapo kuna imani ya mtunzi zaidi ya ufundi wake. Sioni kazi moja kuwa kubwa kuliko nyingine. Ninachoona ni kwamba Désordre imerekodiwa tena na tena, na kila kizazi cha wapiga piano kinaisoma upya, ilhali Tamusuza duniani anajulikana kwa sehemu moja ya kazi moja katika albamu moja ya zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Ligeti hana kosa hapo. Alisema wazi alikojifunza, akaandika dibaji, akawataja watafiti. Steve Reich wa Marekani, aliyekwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe na kurudi kuandika Drumming, naye hakuficha. Upungufu uko kwenye mnyororo mzima, kutoka kijijini hadi ukumbini. Mpigaji anampa mtafiti, mtafiti anampa mtunzi, mtunzi anaupa ukumbi, na kwa kila hatua majina ya wa kwanza yanazidi kufifia. Kijitabu cha tamasha kikieleza Désordre, mara nyingi kitataja Afrika ya Kati. Kikiwa makini kitamtaja Arom. Wabanda-Linda wanabaki jina la kabila, kana kwamba pembe zilijipuliza. Kwa upande wa amadinda hatuna hata udhuru huo, kwa sababu tunamjua mwalimu kwa jina, tunajua alifundisha wapi, na rekodi za mikono yake zipo. Evaristo Muyinda anastahili mstari wake katika kila maelezo ya muziki wa piano wa miaka ya 1980, kama anavyoupata Conlon Nancarrow, Mmarekani wa Mexico aliyetoboa karatasi za piano za kujipiga zenyewe na ambaye Ligeti alimvumbua karibu na wakati huohuo.

Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin aliyeukimbia utawala wa Wanazi akawa mlezi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa nchi hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Rekodi hizo zilikaa London miongo mingi. Nakala zake sasa ziko Makerere, katika hifadhi yenye jina lake, na mwanafunzi wa utunzi wa Kampala anaweza kusikia jinsi ikulu ya Mengo ilivyosikika kabla ya 1966. Nyenzo zipo, na walimu wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza kazi mpya na kulipa wapigaji, pamoja na shule za muziki za Afrika Mashariki zitakazomweka mwanafunzi wa piano upande mmoja wa amadinda kabla hajafungua karatasi ya Désordre. Vidole vyake vitashukuru. Ugumu wa zoezi lile ni wa kuhesabu kutoka chini, na hilo linafundishika vizuri zaidi ukiwa na mwenzako mbele yako.

Mwaka 2003 Mfaransa Pierre-Laurent Aimard, mpiga piano aliyefanya kazi kwa karibu na Ligeti, alitoa diski iitwayo African Rhythms. Aliweka mazoezi ya Ligeti na kazi za Reich bega kwa bega na uimbaji wa Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati, bila kumpa mmoja kiti cha mgeni rasmi na mwingine mkeka. Ni diski ya heshima, na imewafundisha wengi. Uganda haimo. Ya pili yake ingeweza kurekodiwa Kampala kwa wiki moja: Ssematimba ne Kikwabanga kwa wapigaji watatu, Continuum, Désordre, ukurasa mmoja wa oratorio ya Kyagambiddwa, kisha Mu Kkubo Ery'Omusaalaba yote, sehemu kwa sehemu, hadi mwisho.